Pome inafika, embe inaoza

Bandugu wa lisansi, na ninyi wadogo wenye mungali mu oditwari, leo naomba tuongee juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua kwa macho lakini karibu hatukiandiki. Mwezi wa kumi na mbili, ukisimama huku kwetu Sakania pembeni ya barabara, unaweza kupata beseni nzima ya maembe kwa makuta yenye haitoshi kununua pome tatu mu Lubumbashi. Ifuate ile embe mpaka soko ya Kenya ao soko ya Mzee Kabila. Utaikuta imekwisha kupanda bei, na upande mmoja uko na doa jeusi, laini, lenye kutoa maji. Pembeni yake pome imepangwa kwa mistari, inang'aa, ngumu. Mama anaipanguza na kitambaa tu, basi.

Sasa tupige hesabu. Ile pome ilivunwa huko upande wa Cape, Afrika ya Kusini, kati ya mwezi wa pili na wa tano. Iliwekwa mu chumba cha baridi karibu na digrii 0, chenye hewa iliyopunguzwa oksijeni ili tunda lisinzie, lisizeeke. Ikakaa humo miezi sita ao saba. Halafu ikapanda kamyo, zaidi ya kilometa 3000, ikavuka inchi mbili tatu, ikalala mu foleni ya Kasumbalesa nyuma ya makamyo ya asidi na chokaa, na ikafika. Embe yetu ilivunwa juzi. Kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 90. Yenye kutoka mbali inafika nzima, yenye kutoka kwa jirani inaoza.

Mimi nasema kwamba maelezo tunayotoa juu ya jambo hili, sisi wenye kusoma bulimaji, si ya kweli. Ama ni ya kweli kidogo, lakini yanatazama mahali pasipo pa ugonjwa.

Maelezo ya kwanza munayajua: vijana hawapendi jembe. Hii inasemwa na wakubwa mu kila sherehe ya kutoa diploma, na sisi tunapiga makofi. Lakini kwa matunda haina maana. Miti ya maembe iko tayari. Mingi ilipandwa na babu zetu, mingine ilimea yenyewe pale mtoto alipotupa kokwa. Hakuna mtu anayelimia masuku. Mwezi wa kumi na moja pori inayatoa bure, kwa Balamba, kwa Balala, kwa Baushi, kwa kila mtu. Matunda hayakosekani Sakania. Mu Desemba ngurube wanayachoka.

Maelezo ya pili ndiyo yanapendwa zaidi hapa kwenye ukurasa wetu: tujenge kiwanda cha juisi. Nimehesabu, maandiko matatu ya mwisho juu ya matunda yalimalizika na kiwanda cha juisi. Ndugu zangu, mumewahi kuuliza kiwanda kinalipa embe bei gani? Kila mahali kiwanda kinalipa chini ya bei ya tunda la kula, sababu kinanunua yale yenye sokoni yamekataliwa. Na maembe yetu yanaiva yote pamoja, kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kwanza. Miezi ingine yote mashine itasaga nini? Ongeza habari ya umeme, yenye sihitaji kuwaelezea. Lakini kuliko vyote: maembe yatafika kwenye kile kiwanda mu saki ile ile, mu kamyo ile ile, yamepondeka vile vile. Kiwanda hakifufui embe yenye imekufa njiani.

Hata serikali, sikiliza maneno yake. Rais Tshisekedi alitupa msemo mzuri, kwamba udongo ulipize kisasi juu ya kile kilicho chini ya udongo, maana yake kilimo kipite madini. Nimeuandika mimi pia mu utangulizi wa memuari yangu, sikatai. Mbele yake, gavana Moïse Katumbi alikuwa ameamuru kila kampuni ya madini ilime hektari 500. Mbele kidogo, mu 2014, Kinshasa ilianzisha Bukanga Lonzo na matrakta yake, na mu 2017 kazi ilikuwa imesimama. Ukiangalia vizuri, yote hii ni lugha ya shamba: hektari, trakta, mbegu. Anayesema juu ya shamba anaonekana anajenga. Lakini kati ya mti na mdomo wa mwenye kula kuna masaa ishirini na ine, pengine arobaini na nane, na katika yale masaa hakuna waziri, hakuna mradi, hakuna memuari. Kuna saki.

Tuiangalie hiyo saki.

Ni ile ya plastiki ya kusuka, yenye ilikuja na unga ao mbolea. Ilitengenezwa kwa kitu kikavu, chenye hakipumui. Embe inapumua. Tunda likishavunwa linaendelea kuishi: linatumia sukari yake, linatoa joto, linatoa ile gesi ya etileni yenye kuivisha tunda na kuwaivisha majirani zake pia. Ukiyafungia maembe mia mbili mu saki moja, joto linabaki katikati, na yenye imeumia inaharakisha kifo cha wengine wote. Hii tulifundishwa, tuliiandika mu mtihani, tulipata alama.

Kile ambacho hatukufundishwa ni juu ya nini mnunuzi anaijaza vile. Anaijaza kwa sababu analipa kwa saki, halipi kwa kilo, halipi kwa hesabu ya maembe. Bei ikishasikilizwana, kila embe anayoisukuma ndani ni ya bure. Kwa hiyo anaisukuma. Anasimama juu na magoti. Akimaliza, anaongeza kofia juu, anaifunga na kamba na majani. Niliwahi kubeba saki moja ya namna hii mpaka kwenye mizani ya mwenye kununua mahindi: kilo 93. Sasa fikiria embe ya chini kabisa, yenye kubeba mzigo huo mu barabara ya mashimo. Siku ya kwanza huioni kitu, ngozi iko sawa. Siku ya pili doa linatokea. Siku ya tatu ni maji.

Jirani zetu wana jina la ujinga huu. Tanzania wanaiita lumbesa, ama rumbesa, na Wakala wa Vipimo wao wanapambana nayo miaka na miaka. Kenya, kwa viazi, walienda mpaka kuandika sheria mu 2019 kwamba mfuko usipite kilo 50. Sikusema wameshinda, wakulima wa kule wangali wanalia. Lakini wao walau walipata jina, na kitu chenye jina kinaweza kupigwa. Sisi tunaita saki ya kofia «kujaza muzuri».

Sasa rudi kwa katoni ya pome. Tunafikiri siri ya pome ni baridi. Baridi inasaidia, ndiyo, lakini angalia mama wa sokoni anavyonunua. Anasoma namba kwenye katoni, anajua ndani kuna pome ngapi za ukubwa gani. Anagawanya bei, anajua kila moja itamgharimu kiasi gani, anajua faida yake kabla ya kukata utepe. Ikitokea mbili zimeoza, anarudi kwa mwenye depo na kupiga kelele, na mara nyingi anapata. Katoni ni ahadi. Saki ya maembe ni bahati nasibu: analipa kwanza, anafungua nyumbani, anaanza kuchambua zile za kuuza, zile za kupunguza bei, zile za batoto, zile za kutupa. Kwa hiyo mama mwenye akili atalipa saki kana kwamba nusu imeoza, hata kama siku hiyo ilikuwa nzima. Bei ya kuoza imeingizwa ndani ya bei kabla ya kuoza kwenyewe.

Hii niliielewa kwa makuta yangu, si kwa vitabu. Mwaka wa 2022 mimi na promo mmoja tulichanga, tukanunua saki 14 za maembe upande wa Mokambo. Tulikuwa na lisansi zetu, tulikuwa na karatasi ya hesabu yenye faida nzuri sana. Kamyo ilipaswa kutoka saa kumi ya mchana. Ilitoka usiku, sababu shofa alikuwa anangoja makala ijae kwanza. Makala ndiyo ilikuwa mzigo wake, maembe yetu ilikuwa nyongeza, tuliyapanga juu, chini ya bashi nyeusi ya plastiki. Njiani tulisimama kwenye barieri sita. Kila moja ilikuwa na karatasi yake, zingine hazikuwa na karatasi. Ya mwisho tulilala pale. Jua likatoka, likapiga ile bashi, na tukafika Lubumbashi saa saba ya mchana.

Komisioneri akafungua mbele yetu. Hakusema kitu, alikuwa anaweka maembe pembeni moja moja na kidole gumba kikizama. Katika saki 14 tulipata za kuuza kwa bei ya kweli kama saki 8. Kamisheni yake aliikata kwanza. Nilirudi Sakania na deni, na nguo yenye harufu ya maembe yenye kuchacha. Promo wangu sasa anauza krediti za simu na anaendelea vizuri.

Nani alilipa ile hasara? Mwaka ule nililipa mimi. Lakini mwaka uliofuata, niliporudi kwa yule mzee mwenye miti, nilimpa bei ya chini. Sikuwa na ubaya moyoni, nilikuwa ninaogopa. Nilimwambia, papa, njiani yanaoza. Ndiyo hesabu ya mnyororo wetu wote: shofa anapata usafiri wake, barieri inapata yake, komisioneri anapata kamisheni, na kuoza kunarudi nyuma polepole mpaka kwa yule mwenye hana mtu wa kumrudishia. Yeye ana mti tu.

Yule mzee alikuwa na miti kumi na moja. Nilipopita tena, tatu zilikuwa chini, na nyuma ya nyumba tanuru ya makala ilikuwa ingali inatoa moshi. Nilimuuliza juu ya nini anakata mti wenye kuzaa. Alinicheka. «Mutoto yangu, weye njo unasoma mambo ya bulimaji? Embe minakuuzia mara moja mu mwaka, na bei unapanga weye. Makala minapanga mimi. Makala haiozake.»

Haiozake. Sijapata mu masomo yangu yote mtu aliyeeleza uchumi wa matunda kwa neno moja namna hiyo. Tunalia juu ya miombo yenye kuisha kuzunguka Lubumbashi, tunapanga kampeni za kupanda miti, na kumbe mti wenye kuzaa unashindwa na makala kwa sababu moja tu: makala inaweza kungoja kamyo. Na masuku ni hivyo hivyo, hata zaidi, sababu msuku hauna mwenyewe wa kuuhurumia.

Kwa hiyo ukosoaji wangu wa kwanza ni juu yetu wenyewe wa fakilte. Memuari yangu ilikuwa juu ya mazao ya miti ya maembe: nilihesabu matunda kwa mti, nilipima mduara wa shina, nilifanya hesabu za takwimu zenye hata mimi leo siwezi kuzirudia. Sikupima saki hata moja. Na sikuwa peke yangu. Wenye kuandika juu ya kuhifadhi matunda wanapenda kunakili kile chumba cha baridi kisicho na umeme, kilichobuniwa India mu miaka ya 1980: kuta mbili za matofali, katikati mchanga wenye maji, upepo unakausha maji na ndani kunapoa. Ni kitu kizuri. Lakini kinafanya kazi pale hewa iko kavu. Maembe yetu yanaiva mu masika! Mwezi wa kumi na mbili hewa ya Katanga imejaa maji, mchanga hautakauka, chumba hakitapoa sana. Kijenge kwa machungwa na avoka za kiangazi, nitakusifu. Kukipendekeza kwa maembe ni kuonyesha kwamba uliandika bila kutoka nje.

Na kuna mambo madogo, ya aibu, yenye hakuna mtu anataka kuyaandika sababu hayana sauti ya kisayansi. Embe hapa inavunwa kwa fimbo na mawe. Inaanguka chini, inapasuka ndani. Ingevunwa na fito ndefu yenye kimfuko mbele. Kikonyo kikivunjwa hapo hapo kwenye tunda, yale maji yake makali yanachoma ngozi na kuacha alama nyeusi, na ugonjwa unapita palepale. Ukiacha kikonyo kama kidole kimoja, shida hiyo karibu inaisha. Embe ya safari inavunwa imekomaa lakini ingali kijani, ya kula leo inavunwa imeiva. Sisi tunazichanganya mu saki moja, na yenye imeiva inaivisha zingine njiani. Kuna pia yule nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Kenya mu 2003 na kuenea Afrika karibu yote. Jike anatia mayai chini ya ngozi, na wewe unaona funza ukiwa umekwisha kulipa. Huyo nzi alifanya Kenya yenyewe isimamishe maembe yake ya Ulaya mu 2014, ikarudi mu 2021. Silaha ya kwanza juu yake ni kuokota yale yenye kuanguka na kuyafukia. Ni kazi ya batoto wa nyumba, saa moja kwa siku. Nani aliwaambia?

FAO, mu ripoti yao ya 2019, walisema kwamba duniani karibu asilimia 14 ya chakula inapotea kati ya kuvuna na duka, na kwa matunda na mboga ni kama 22. Namba ya Sakania sitawapa, sitaki kuibuni. Naweza kuwapa namba ya kamyo yangu: saki 6 juu ya 14.

Juu ya barieri sasa, kwa sababu najua wengi munangoja niseme hapo. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inasema wazi kwamba mazao yenye kwenda kuuzwa, yakipita kutoka jimbo moja mpaka lingine ama kutoka eneo moja mpaka lingine, hayapaswi kutozwa taksi wala haki ya aina yoyote. Ni sheria ya Congo, si ndoto. Niliibeba mu simu yangu ile safari ya 2022. Pale barieri ya tatu nikaionyesha. Yule kijana aliisoma yote, kwa heshima, halafu akaniambia, «Grand, iko ya muzuri. Lakini mimi njo banilipe na nini?» Sikuwa na jibu, na nafikiri hata mwandishi wa sheria hakuwa nalo. Lakini angalia kitu kimoja: kile nilicholipa kwenye barieri sita hakikufikia bei ya saki moja. Masaa niliyopoteza yalinimalizia saki sita. Kwa hiyo tukienda kulalamika kwa mkubwa wa territware, tusilalamike juu ya makuta tu. Tuombe saa. Kamyo yenye matunda ipite usiku bila kulala. Hiyo haigharimu jimbo hata franka, na ni rahisi kwa kijana wa barieri kuikubali kuliko kukosa mkate.

Muda wa mwisho wa kukosoa nataka kuutumia kwa kile chenye kinawezekana, maana kukosoa bila hicho ni uvivu.

Kese za plastiki. Zenye matundu, zenye kupangana moja juu ya ingine bila kugusa matunda, za kilo 20 hivi. Kila mtu aliyesoma mambo ya baada ya mavuno anazijua. Swali lenye linaua mradi kila mara ni: nani atazirudisha? Kese ikifika Lubumbashi inakuwa kiti, inakuwa sanduku la nyanya, inakuwa kitanda cha kuku. Mashirika yamegawa kese mahali pengi, na zimepotea. Ni kweli.

Lakini mu Sakania kuna kitu kimoja kinachofika mpaka kijiji cha mwisho, huko pedikule ndani kabisa ambako mwalimu anakosa chaki, na kinarudi mjini kila mara bila kukosa: kazie ya bia. Hakuna mradi, hakuna semina. Inarudi kwa sababu uliacha makuta juu ya chupa na juu ya kazie, na unayataka. Tunaangalia hiyo kazie kila jumamosi, tunaikalia, na hatujajiuliza inatufundisha nini. Kese ya maembe yenye makuta yake ya dhamana itarudi vile vile. Mwenye depo Lubumbashi analipa dhamana, shofa anarudisha kese tupu kwa sababu kila moja iko na makuta yake, mkulima anaipokea. Na siku ile mnunuzi anaanza kununua kwa kese badala ya saki, ile kofia inakufa yenyewe: kese haijazwi kupita mdomo, ingine haitakaa juu yake. Mzee anajua ameuza kese ngapi. Mama wa Kenya anajua atapata maembe mangapi. Kipimo ndicho dawa hapa. Plastiki ni chombo chake tu.

Makuta ya kununua kese yatoke wapi? Kanuni ya madini ya 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa maeneo yenye kugatuliwa pale mgodi uko, na asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii, pamoja na daftari ya ahadi ambayo kampuni inasaini na wenyeji. Sisi hatuko territware maskini kwenye karatasi: mgodi wa Frontier uko hapa hapa, Kinsenda na Musoshi ziko upande wa Kasumbalesa. Kila wakati wa kuandika zile ahadi, wazee wetu wanaomba trakta, sababu trakta inaonekana, mtu anapiga nayo picha. Ombi langu ni dogo mpaka linachekesha: kibanda chenye paa na sakafu pembeni ya barabara, mizani moja yenye kuaminika, na kese. Kivuli tu kwa maembe, kati ya mti na kamyo, ni kitu kikubwa. Tunda lenye kukaa juani masaa matatu limezeeka siku nzima.

Najua mutanijibu nini. Mutasema komisioneri watakataa, maana wanaishi kwa saki, kwa kuchambua na kupanga bei gizani. Watakataa, ndiyo. Siwaiti wezi, yule aliyefungua saki zangu alikuwa anafanya kazi yake na alinieleza mambo kuliko profesa. Lakini tusianze nao. Tuanze na mama watatu wane wa soko ya Katuba ao Njanja ambao wako tayari kuongeza kidogo juu ya bei kwa embe yenye haihitaji kuchambuliwa. Mutasema pia kwamba mu Lubumbashi embe ni chakula cha batoto wa barabarani, na mtu akienda kuona mgonjwa anabeba pome na juisi ya katoni, hawezi kubeba embe, watamcheka. Hii ni kweli kabisa na inaniumiza, lakini nafikiri ni tokeo la saki pia. Nani atampelekea mgonjwa tunda lenye doa?

Na tusisahau jinsi mlango wetu unavyofungwa. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, juu ya ugomvi wa bia na vinywaji. Siku chache tu, na bei zikaanza kupanda mu soko. Reli ya kutoka kusini ilifika hapa Sakania mu 1909, ikaingia Elisabethville mu 1910, na tangu wakati huo sisi ni watu wa kuangalia chakula kinapita kwenda kwa wenye kuchimba. Tumezoea kuwa mlango. Tunajua foleni ya makamyo ina urefu gani, tunajua pome imepanda bei wiki gani. Kese ngapi za maembe zilitoka kwetu mwaka jana, hakuna anayejua, maana hazikutoka kese. Zilitoka saki.

Mimi na wenzangu watatu tumechanga tena. Tumepata kese 40, si mpya, na mama wawili wa Katuba wamekubali kununua kwa hesabu. Shofa mmoja amekubali kutoka saa moja ya usiku, makala ijae ao isijae, tukimlipa nafasi yote ya nyuma. Fito za kuvunia tumetengeneza saba. Yule mzee amebaki na miti nane, nilimwambia mwaka huu nitamlipa kwa kese, na yeye ndiye atahesabu. Alinyamaza kidogo, akauliza kese moja inaingia maembe mangapi. Nikamwambia inategemea na ukubwa. «Basi uilete kwanza,» akasema, «minaijaza, tunaona.» Ninaipeleka Jumapili. Mwenye ana kese nyumbani, hata iliyopasuka pembe, aniandikie hapa chini.